Umelipia leseni ya tamthilia, kisha inaingia barua ya wakili

Mwanzoni mwa 2019 kumbi ndogo kadhaa za Marekani, mojawapo Dayton katika jimbo la Ohio na nyingine Buffalo, New York, zilifuta tamthilia ambayo zilikuwa zimeshailipia leseni. Ilikuwa To Kill a Mockingbird, toleo lililoandikwa na Christopher Sergel kutokana na riwaya ya Harper Lee. Leseni zilitolewa na kampuni ya Dramatic Publishing, iliyopata haki zake kwa mkataba wa 1969. Barua za kuwataka wasitishe zilitoka kwa mawakili wa Scott Rudin, mtayarishaji aliyekuwa na toleo jingine la riwaya hiyohiyo, la Aaron Sorkin, lililofunguliwa Broadway, yaani kwenye kumbi kubwa za New York, Desemba 2018.

Wahusika wa kumbi hizo walikuwa na risiti mkononi, na risiti haikuwasaidia. Leseni inafanana na chumba cha kupanga: aliyekupangisha hawezi kukupa zaidi ya alichopewa na mwenye nyumba. Shida ni kwamba mkataba kati ya mwandishi na kampuni ya leseni wewe huuoni. Unachoona ni karatasi ya kurasa mbili tatu yenye jina la tamthilia, tarehe na kiasi cha kulipa.

Ndani ya mkataba ule wa 1969, kwa hoja ya upande wa Rudin, mlikuwa na mambo mawili. Kwanza, haki za Dramatic zilihusu maonyesho ya ridhaa, yaani ya waigizaji wasio wa kulipwa. Pili, kulikuwa na kifungu cha umbali: toleo la Broadway au la ziara kubwa likiwa jukwaani, la Sergel lisichezwe ndani ya maili 25 kutoka mji uliokuwa na watu 150,000 au zaidi kwa sensa ya 1960. Hebu itazame hiyo sensa. Dayton ya 2010 ilikuwa na watu wapatao 141,500, yaani chini ya kiwango. Mwaka 1960 ilikuwa na zaidi ya 262,000. Mweka hazina wa kikundi, hata kama angebahatika kusikia kuhusu kifungu hicho, angefungua takwimu za leo na kuona wako salama.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, iandikie kampuni ya leseni barua pepe yenye maswali ya moja kwa moja. Je, haki mnazotuuzia zina mpaka wa umbali, wa idadi ya viti au wa aina ya waigizaji? Kuna toleo jingine la kazi hii linalochezwa au linaloandaliwa? Je, mnathibitisha kwamba ukumbi wetu, katika mji huu na kwa tarehe hizi, haugongani na haki za mtu mwingine? Jibu la simu halitoshi. Likija kwa maandishi, lihifadhi pamoja na leseni.

Fomu ya maombi nayo ijazwe kwa ukweli wote: viti vingapi, tiketi bei gani, maonyesho mangapi, nani analipwa. Hapo kwenye malipo ndipo wengi hujikwaa. Kikundi cha kujitolea kinamwalika mwigizaji mmoja wa kulipwa ili kuvuta watazamaji, na kila kampuni ina mstari wake wa kutenganisha ridhaa na weledi. Usijiamulie mwenyewe, taja malipo hayo, na kampuni ndiyo iseme uko upande gani.

Makadirio ya bei siyo leseni. Usichapishe bango, usifungue mauzo ya tiketi wala kununua mbao za jukwaa mpaka mkataba uwe umesainiwa na pande zote. Hata baada ya hapo, tafuta kifungu kinachoiruhusu kampuni kuondoa tamthilia sokoni. Mara nyingi kinaahidi kurudisha mrabaha uliolipa tu, basi. Mavazi, matangazo na kodi ya ukumbi ni juu yako. Omba mambo mawili: notisi ya siku zisizopungua 90, na fidia ya gharama zenye stakabadhi. Mara nyingi watakataa la pili, lakini la kwanza lina nafasi. Angalia pia kifungu cha kinga dhidi ya madai. Fomu nyingi zinakutaka wewe uikinge kampuni huku yenyewe haikukingi. Dai angalau sentensi moja ambamo kampuni inathibitisha kwamba ina haki inazouza, na kwamba madai kuhusu haki hizo itayabeba yenyewe.

Barua ikishafika, tarehe ya kuipokea ni muhimu sana, iandike. Siku hiyohiyo itume kwa kampuni ya leseni na uidai kwa maandishi ijibu kwa niaba yako. Wakili aliyeiandika usimpigie simu. Neno moja la kukiri litakurudia. Kuendelea na maonyesho bila kujibu ndiyo hatari kubwa zaidi. Sheria ya Marekani inaruhusu fidia ya dola 750 hadi 30,000 kwa kazi moja, lakini mahakama ikiona ukiukaji ulikuwa wa makusudi, inaweza kufika 150,000. Kikundi kinachoishi kwa tiketi na michango hakina ubavu huo, na mwandishi wa barua anajua.

Mwaka 2019 kelele za umma zilisaidia: Rudin aliomba radhi na kuzipa kumbi hizo ruhusa ya kucheza toleo la Sorkin. Mimi naona zawadi hiyo ilikuwa na mzigo wake, maana waigizaji waliokwisha kukariri maneno ya Sergel wangelazimika kuanza upya. Mgogoro wa haki hizo ulipelekwa kwa wasuluhishi, ukamalizika Januari 2022 kwa ushindi wa Dramatic dhidi ya warithi wa Harper Lee, kwa zaidi ya dola milioni 2.5, lakini mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho mjini New York ikasema Dramatic haina haki za pekee, yaani za kuwazuia wengine. Onyesho la wikendi mbili haliwezi kusubiri kesi ya namna hiyo, kwa hiyo uwe na tamthilia ya akiba.

Migogoro mingine vikundi hujiletea vyenyewe: kukata matusi, kubadili jinsia ya mhusika, kupanga nyimbo upya. Mwaka 2017 ukumbi mmoja wa Milwaukee ulimpa mwanaume nafasi ya mwanamke katika tamthilia ya David Mamet. Barua ilifika baada ya onyesho la ufunguzi, na mchezo ukaishia hapo.

Kwa vikundi vya Kenya vinavyozunguka na vitabu teule vya shule, kununua nakala dukani hakukupi haki ya kuipandisha jukwaani. Muulize mchapishaji kama haki za jukwaa ziko kwake au zilibaki kwa mwandishi. Na kwa tamthilia za zamani, hesabu muda kwa kila nchi. Hakimiliki ya Kenya hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi, ya Uingereza 70. Kazi ya mwandishi wa Kiingereza aliyefariki 1960 iko huru Nairobi, lakini London imefungwa hadi mwisho wa 2030. Ukiirusha mbashara mtandaoni umeshavuka mpaka, na leseni ya ukumbini haigusi urushaji huo. Huombwa na kulipiwa peke yake.