Pantoni ya Pangani iliyoniponza kwenye mtihani

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Muheza, binti wa kidato cha sita, aliniandikia kuniuliza nilifanyaje hata nikaielewa mada ya usafirishaji katika utando wa seli, yaani jinsi vitu vinavyopita kwenye ngozi nyembamba inayoizunguka seli, kwani yeye ameikariri mara tatu na bado inamponyoka. Swali lake lilinitonesha kidonda.

Nikiwa kidato cha tano hapa Tanga niliandika katika mtihani kwamba protini huibeba glukosi, ambayo ni aina ya sukari, kutoka upande mmoja wa utando hadi wa pili, kama pantoni inavyovusha watu kutoka Pangani kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Nilijiona fundi wa mifano. Mwalimu aliisoma sentensi hiyo mbele ya darasa zima, wenzangu wakaangua kicheko, na hadi tunamaliza shule nikawa naitwa Pantoni. Kunisahihisha ilikuwa haki yake, kunidhalilisha, sidhani.

Kosa, hata hivyo, lilikuwa langu. Protini ile haivuki kwenda popote, bali imejikita ndani ya utando na kubadili umbo tu: hufunguka upande wa nje, glukosi ikaingia na kunaswa, kisha upande huo hujifunga na wa ndani ukafunguka. Pande zote mbili zikiwa wazi kwa pamoja, huo ni mfereji. Mifereji nayo ina maajabu yake, kwani ule wa potasiamu hupitisha mamilioni ya ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) kwa sekunde na papo hapo huikataa sodiamu, ambayo ni ndogo kuliko potasiamu! Kazi yake juu ya muundo wa mfereji huo ilimpatia Roderick MacKinnon Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003, akigawana na Peter Agre aliyegundua mifereji ya maji.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kukariri fasili. Shika chembe moja uifuate kila iendako. Mimi niliishika sodiamu. Pampu iliyo katika utando hutoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 kwa kila molekuli 1 ya ATP, ile inayoipa seli nishati, hivyo sodiamu hulundikana nje na kutafuta njia ya kurudi. Katika utumbo mwembamba iko protini inayoirudisha ikiwa imefuatana na glukosi, na maji huzifuata. Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu wa Chumbageni, aliyekuwa akitukorogea, tulipoharisha, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, yenye sodiamu ndani yake, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa, bila kuhitaji fasili ya mtu yeyote.

Narudia: chembe moja, mwanzo hadi mwisho. Vijana wa leo mnapenda majibu ya mkato, na mtihani unawaumbua. Mimi katika mtihani wa taifa nilijaza kurasa mbili juu ya swali hilo na kupata A ya Biolojia.

Siku hizi nafundisha masomo ya ziada Ngamiani, na somo hili huanza kwa kuwachorea wanafunzi pantoni ubaoni, kisha nawaambia waifute.