Fundi wa kumwamini utampata wapi? Maswali yenu ya gereji

Habari zenu wasomaji. Safari hii meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinahusu gereji, watu wamechoka kupigwa. Nimechagua chache ambazo naona zinawagusa wengi, nyingine nimezifupisha kidogo.

SWALI: Habari za kazi. Mi nina IST ya cc 1300, nilikuwa namtumia fundi wa mume wangu ila amehamia Mbeya. Juzi nimeenda gereji moja huku kwetu kufanya sevisi ya kawaida, fundi kafungua boneti akasema taimingi belti imechoka, ikikatika injini inakufa, nikaogopa nikatoa laki na themanini akabadilisha. Shemeji yangu anasema nimepigwa. Ni kweli? Na gereji ya kuaminika ntaijuaje, maana mi mwanamke nikifika tu naona bei inabadilika. (Mama J., Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Pole sana dada yangu, na shemeji yako yuko sahihi. IST haina taimingi belti, yaani ule mkanda unaooanisha valvu na pistoni. Iwe ya cc 1300 yenye injini ya 2NZ au ya cc 1500 yenye 1NZ, zote zina cheni inayofanya kazi hiyo, na hiyo cheni iko ndani ya injini inalainishwa na oili hiyohiyo unayobadilisha kila sevisi, haina ratiba ya kubadilishwa kama belti. Mkanda unaouona kwa nje ukifungua boneti ni fenibelti, ndo unaozungusha alteneta, pampu ya maji na kompresa ya AC. Inawezekana alikubadilishia huo, maana nao unachakaa, ila sio kazi ya laki na themanini. Rudi pale umuombe mkanda wa zamani alafu uangalie upande wa ndani: fenibelti ina mistari inayokimbia kwa urefu wa mkanda, taimingi belti ina meno yaliyokatiza kwa upana. Ukiona mistari ya urefu, amekuwekea fenibelti kwa bei ya kitu kingine, mdai hela yako mbele ya mwenye gereji. Akisema ameutupa basi usirudi tena pale.

Msije mkanielewa vibaya, yapo magari yenye taimingi belti na inabidi ibadilishwe kweli. Subaru Forester za injini ya EJ, Carina Ti, Noah za zamani, hizo zote zina belti, na Subaru ikikatika gari ikiwa inatembea valvu zinapinda, hapo ndo unaambiwa ovahoo, injini ifunguliwe yote. Kawaida ni kila kilometa 100,000, na magari mengi yaliyotoka Japani yana kistika ndani ya boneti kinachoonyesha belti ilibadilishwa kwenye kilometa ngapi, kisomeni.

Sasa swali lako la gereji. Wengi wetu tunatafuta fundi siku gari imezima Ubungo kwenye foleni, na siku hiyo huna nguvu ya kuchagua, huna hata nguvu ya kubishana bei. Fundi anatafutwa gari ikiwa nzima. Hapo Dar ungeanza na madereva wa teksi mtandao, wengi wao wanaendesha IST hizohizo kutwa nzima na gari ikilala gereji siku 2 nyumbani hakuliki, kwahiyo fundi mbabaishaji hawakai nae. Uliza watatu wanne ambao hawafahamiani, jina likijirudia nenda. Na uulize fundi wa aina ya gari yako, maana fundi mzuri wa Subaru sio lazima awe mzuri kwenye Nissan, na fundi umeme ni mtu mwingine kabisa na fundi injini.

Ukishampata usimpe kazi kubwa. Mpe oili. Nunua mwenyewe oili ya 5W-30 galoni ya lita 4 na filta yake, nenda asubuhi, omba kiti ukae palepale. Injini ya IST yako inachukua kama lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwahiyo galoni inatosha na inabaki kidogo, akikwambia nunua na lita ya tano muulize inaenda wapi. Muangalie anavyofanya kazi. Je, anasafisha pale filta inapokaa kabla ya kufunga mpya? Anapaka oili kidogo kwenye mpira wake? Nati ya chini anaianza kwa mkono au anaipiga spana moja kwa moja mpaka inakula uzi? Akimaliza anawasha gari, anazima, anasubiri, anachomoa kijiti cha oili anakuonyesha? Alafu muombe akuangalizie breki. Akisema pedi bado zina nyama, tembelea tu uje tena baada ya miezi kadhaa, huyo mshike, kwasababu amekataa hela yako wakati alikuwa na uwezo wa kuichukua.

Na hili la bei kubadilika kisa ni mwanamke, linaniuma kwasababu nalisikia kila wiki. Usijibebeshe mzigo wa kutafuta mwanaume wa kukusindikiza. Swali lako liwe moja tu: umejuaje? Mfano gari inamisi, yaani silinda haichomi mafuta vizuri, fundi kachomeka mashine imetoa kodi (namba ya tatizo) P0301, anakwambia koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, imekufa lete hela. Hiyo kodi inasema silinda namba 1 inamisi, haijasema koili, inaweza kuwa plagi au nozeli. Fundi makini anachukua koili ya silinda 1 anaihamishia silinda 2, anafuta kodi, anawasha tena, ikija P0302 ndo koili imethibitika. Ni dakika chache na haigharimu kitu. Fundi anayejua kazi akiulizwa amejuaje anafurahi kukuonyesha, mbabaishaji anakasirika. Na kazi yoyote kubwa akuandikie, spea kivyake na ufundi kivyake, alafu piga simu gereji nyingine mbili uulize kazi hiyohiyo kabla hujasema ndio.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mstaafu, nina Noah ya siku nyingi. Ikipandisha Kitonga inachemsha. Fundi wangu ambaye ametengeneza gari zangu zaidi ya miaka 15 aliitoa thamostati, akasema nchi yetu ina joto haihitajiki, lakini bado inachemsha na sasa naona inakula mafuta sana. Sijawahi kumuona akiniibia hata nati. Nifanyeje? (Mzee wa Kihesa, Iringa)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Huyo fundi usimuache, ila kwenye hili amekosea, na wanaokosea hivi ni wengi sana nchini. Kuna fundi anayeiba na kuna fundi mwaminifu ambaye kitu fulani hakijui, hawa wawili tusiwaweke kapu moja.

Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi inafunga, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka, ikifika nyuzi 80 na kitu inafunguka maji yaende kwenye rejeta. Ukiitoa, maji yanaenda kwenye rejeta muda wote, na kwa baridi ya Iringa ya mwezi wa 6 na wa 7 injini inachukua muda mrefu sana kupata moto wake. Kompyuta ya gari ikiona injini bado baridi inaongeza petroli, ndo maana unaona mafuta yanaisha. Alafu ugonjwa wenyewe haujaguswa, ukifika Kitonga injini inafanya kazi nzito, spidi ni ndogo, upepo wa mbele hamna, inachemsha vilevile.

Muombe aanze na vitu vya bei ndogo. Mfuniko wa rejeta kwanza, una namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, hiyo ni presha inayozuia maji yasichemke mapema, spring yake ikichoka maji yanachemka kabla ya wakati. Kisha aangalie kama feni inawaka joto likipanda. Kisha rejeta yenyewe, maana kama umekuwa ukiweka maji ya bomba au ya kisima miaka yote, kutu na chumvi vimeshaziba vile vijibomba vya ndani. Pampu ya maji nayo. La mwisho ni gasketi ya silinda hedi: asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa (ikiwa ya moto usiguse mfuniko mzee, maji yatakuunguza) fungua, washa gari, ukiona mapovu yanatoka mfululizo, au oili kwenye kijiti imegeuka kama chai ya maziwa, basi gasketi imeenda na hiyo ni kazi kubwa. Ikishajulikana shida iko wapi arudishe thamostati mpya na mjaze kulanti, sio maji. Kulanti inazuia kutu na inachelewa kuchemka.

Na ukiongea nae usimwambie umesoma gazetini kuwa amekosea. Mwambie gari inakula mafuta, nataka turudishe thamostati tuone. Mtu wa miaka 15 atakuelewa.

SWALI: Mi napenda kununua spea mwenyewe ila fundi wangu akiniona nimekuja na spea ananuna, anasema sitoi garantii. Nani ana haki? Na spea feki nitazijuaje? (Kijana wa Nyegezi, Mwanza)

JIBU: Wote mna haki kidogo kaka. Fundi akikununulia spea dukani mara nyingi kuna cha juu, ni jambo linalojulikana, na ukija na spea yako umemkata riziki. Lakini na sisi wenye magari tumechangia, unamkuta mtu anabembeleza ufundi wa kushusha injini mpaka unakuwa hela ya vocha, sasa huyo fundi ale wapi? Mi ushauri wangu kaa nae mkubaliane hela ya ufundi iliyonyooka, ulipe bila kupunguza, na spea mwende wote dukani. Yeye anaijua spea, wewe unaijua hela yako. Hapo anaweza kukupa garantii ya kazi yake kwasababu kitu amekichagua nae.

Ukienda dukani nenda na namba ya chasisi, usiseme tu nataka filta ya IST. Kwa Toyota ukiwa na chasisi inayoanza na NCP60 na mwingine ana NCP61 hizo ni injini mbili tofauti. Spea orijino ya Toyota ina namba yake, kawaida ni tarakimu na herufi 10, tano kistari tano, muuzaji aitafute hiyo. Kuhusu plagi, zinafekiwa sana: iridiamu ya kweli ncha yake ya katikati ni nyembamba kama sindano, ukiona ncha nene na boksi limeandikwa iridiamu, rudisha. Dai risiti ya EFD, bila hiyo huna pa kuanzia ukirudi dukani wala ukipeleka malalamiko FCC, ambao ndo wanahusika na bidhaa bandia.

SWALI: Nina Nissan X-Trail ya CVT, fundi aliniwekea ATF ya kawaida kwenye giaboksi, gari linavuta vibaya na linalia. Nimwamini tena? (Bakari, Mombasa)

JIBU: Ndugu yangu, kwanza usiliendeshe, libebwe juu ya gari la kubebea magari, lisivutwe tairi zikiwa chini. CVT ni giaboksi ya otomatiki isiyobadilisha gia kwa hatua, ina mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili huo mkanda ushike usiteleze. ATF ni oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, ukiiweka humo mkanda unateleza unakwangua puli. X-Trail ya T31 inatumia NS-2, imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Imwagwe yote, ioshwe, ijazwe ya kwake, na ukiwa na bahati itapona. Fundi huyo mpe kazi za breki na shokapu kama anazijua, giaboksi asiguse tena.

SWALI: Gari yangu ilikaa gereji wiki 2 inapakwa rangi. Nimeichukua inanguruma tofauti na inatoa harufu kali, fundi mwingine kaingia chini kasema masega hayapo. Nina haki gani? (Msomaji wa Kinondoni)

JIBU: Pole sana. Masega, yale ya kusafisha moshi kwenye eksozi, yanaibiwa kwasababu ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wapo mitaani wanajulikana. Nenda polisi leo, ufungue jalada upewe RB, umwambie mwenye gereji kwa maandishi, hata kwa meseji, kwamba gari iliingia na masega ikatoka bila. Shida yako itakuwa ushahidi wa kwamba yalikuwepo, kwahiyo tafuta picha au fundi aliyewahi kuingia chini ya hiyo gari karibuni.

Kwa wengine ambao gari zinaenda kulala gereji wiki hii: kabla ya kuacha ufunguo piga picha dashibodi ionyeshe kilometa na mafuta, piga betri mpaka namba yake isomeke, piga alteneta, tairi ya akiba na jeki, alafu shika simu chini ya gari upige eksozi kuanzia mbele mpaka nyuma. Andika karatasi moja ya vitu vilivyomo, wewe na mwenye gereji msaini wote, kila mtu abaki na nakala. Gereji ikikataa kusaini hiyo karatasi, washa gari uondoke nayo.