Ukimfundisha mtoto chembe za fizikia, usianze na majina

Nyie mnaosaidia watoto homuweki, mi hapa nilichemka. Mpwa wangu yuko fomu tuu, tumekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba huku Mabatini, Mwanza, nikamwambia kwa kujiamini kabisa kwamba chembe ndogo kuliko zote ni tatu, elektroni, protoni na nyutroni, basi, kariri hivyo hivyo kama mi nilivyokaririshwa. Akaniangalia. "Mjomba, sasa kwaki ni nini?" Nikajifanya napokea simu.

Usiku nikasoma. Kumbe elektroni, tangu J. J. Thomson aigundue 1897, bado hakuna aliyeipasua, ila protoni na nyutroni zina mzigo ndani, kila moja kwaki tatu. Kesho yake nikaokota visoda pale dukani, vyekundu nikaviita kwaki apu, kila kimoja chaji +2/3, vya kijani kwaki dauni, -1/3. Vyekundu viwili na kijani kimoja, jumlisha: 1, hiyo protoni. Toa chekundu kimoja weka kijani: sifuri, nyutroni hiyo! Dogo akacheka, akarudia mwenyewe mara tatu.

Kwa hiyo sasa kabla ya majina nauliza maswali mawili tu: inavunjika? Afu, inajenga vitu au inabeba nguvu? Kwaki na elektroni zinajenga, mioni nayo ni kama elektroni ila nzito mara 207 hivi na haikai, inaoza fasta, yaani inageuka chembe nyingine. Fotoni inabeba nguvu ya umeme na sumaku, na ndo mwanga wenyewe, zile taa za wavuvi wa dagaa unazoziona ziwani siku mwezi haupo ni fotoni tupu. Gluoni inashikilia kwaki zisiachane. Chembe ya Higgs ilipatikana CERN, ile maabara kubwa ya fizikia Ulaya, 2012, hiyo iache kwanza, utamchanganya.

Ninayoipenda mi ni nyutrino, chembe ndogo isiyo na chaji. Mwanafizikia Pauli aliitabiri 1930, ikaja kunaswa 1956, ilichelewa hivyo maana inapita kwenye vitu kama dagaa kwenye nyavu ya sangara, kila sekunde zinazotoka kwenye jua kama bilioni 65 zinapita kwenye ukucha wako wa gumba, na usiku zinakuja kutokea chini, zimeshavuka dunia nzima na hili jiwe tulilokalia.

Visoda usivitupe. Visoda sita, vitatu vya protoni vitatu vya nyutroni, na punje moja ya mchanga pembeni iwe elektroni, hapo una hidrojeni nzito.