Ukienda kufundisha Urusi, uliza kwanza muhula unaishaje

Tangu nirudi kutoka Saint Petersburg, ambako nilifundisha Kiswahili kwa muhula mmoja, walimu wenzangu wananiuliza mambo yale yale. Baridi ikoje? Unakula nini? Hela inatosha? Watu wanakutazamaje? Ni maswali ya haki na nitayagusa, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza mtihani ukoje, na kwangu mimi hilo ndilo la kwanza. Muhula wa Kirusi umejengwa kuelekea mwisho wake. Asiyeujua mwisho huo atafundisha miezi minne akidhani wanafunzi hawampendi, au hawajui kitu, au vyote viwili.

Kalenda yenyewe ni rahisi. Masomo huanza tarehe 1 Septemba, siku wanayoiita Siku ya Maarifa, watoto wa shule wakiwa na maua mkononi nchi nzima. Yanakwenda hadi mwishoni mwa Desemba. Hapo kuna zachyot, ambayo ni kupita au kutopita tu, halafu nchi inasimama kwa sikukuu za Mwaka Mpya na Krismasi ya Waorthodoksi ya tarehe 7 Januari, kisha inakuja mitihani yenyewe. Kipindi hicho chote wanakiita sessiya. Mwanafunzi wa Kirusi akilitamka neno hilo mwezi wa Oktoba tu, uso unabadilika.

Sasa mtihani. Sisi tumezoea ukumbi, karatasi, msimamizi anayetembea huku na huko, kisha rundo la kusahihisha. Kule mitihani mingi ni ya mdomo. Mwalimu anatandaza tiketi mezani kifudifudi, kila moja ina maswali mawili au matatu. Mwanafunzi anaingia, anachagua moja, anataja namba yake, anakwenda kukaa nyuma kujiandaa kwa muda uliopangwa. Zamu yake ikifika anakuja kukaa mbele yako, ana kwa ana, anajibu. Ukitaka unamwongezea maswali. Ukiridhika unamwambia alama yake papo hapo, na kwa desturi unaiandika na kutia saini katika kijitabu chake cha matokeo, zachyotka, ingawa siku hizi vyuo vingine vinaweka kumbukumbu hizo kwenye kompyuta. Aliyewahi kukaa mbele ya maalim madrasani na juzuu yake magotini, wenzake wakisubiri zamu, ataelewa haraka kinachoendelea pale.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: andika tiketi zako mwezi wa kwanza. Usingoje Desemba. Orodha ya maswali yote hutolewa mapema, na wanafunzi wanaitegemea kuliko hata silabasi. Wasichojua ni tiketi ipi itawaangukia. Ukiwa na orodha hiyo tangu mwanzo, kila kipindi chako kinakuwa na mahali kinapokwenda, na wao wanaona hivyo. Ukiingia na mtindo wa "leo tuzungumze tu", watakutazama kwa heshima na kuandika tarehe kwenye daftari.

La pili ni alama. Kipimo ni cha 5. Tano ni bora sana, nne ni nzuri, tatu amepita, mbili ameanguka, moja karibu haitumiki. Ukitoka kwetu ambako B na C ni mambo ya kawaida, utaona 3 ni alama ya huruma isiyomdhuru mtu. Taratibu! Mwanafunzi anayesomeshwa na serikali hupata posho kulingana na matokeo ya sessiya, na 3 moja tu inamwondoa kwenye orodha ya muhula unaofuata. Kwa lugha ya Mlimani, bumu limekatika. Tena kuna ile diploma nyekundu ya heshima: inataka angalau asilimia 75 ya alama ziwe 5, zilizobaki ziwe 4, na 3 isiwemo kabisa. Sisemi uwape 5 za bure. Nasema ujue uzito wa kalamu yako kabla hujaiweka chini. Anayepata 2 anarudia, na akianguka tena anarudia mara ya mwisho mbele ya jopo la walimu. Sapu zetu zina ukali wake, ila jopo lile ni habari nyingine.

Sasa kuna kile kimya cha darasani. Kipindi kinaitwa para na kina dakika 90. Utaingia, watasimama au hawatasimama kutegemea idara, wataketi, watakutazama. Hakuna tabasamu. Ukitania, mmoja labda atashusha macho. Kwetu darasa la namna hiyo limekasirika. Kule linasikiliza. Tabasamu la bure kwa mtu usiyemjua halina maana kwao, na mwalimu wa wiki ya kwanza ni mtu usiyemjua, basi. Usianze kuruka ruka mbele ya ubao ili kuwachangamsha. Fundisha.

Darasani nilikuwa na binti mmoja ambaye muhula mzima sikumsikia akisema sentensi ndefu kuliko "Sijui, Mwalimu, samahani." Januari akavuta tiketi iliyomtaka aeleze safari ya daladala kutoka Kariakoo hadi Posta. Hajawahi kukanyaga Afrika. Alinieleza foleni, alinieleza konda anayening'inia mlangoni, alimwigiza abiria anayelalamika kuhusu chenji, na mwisho akaomba ashushwe kabla ya kituo kwa sababu kuna jua. Alikuwa amefungua ramani na video usiku baada ya usiku. Nilimpa 5, akasema asante bila kutabasamu, akatoka. Huko nje koridoni ndiko nikasikia kelele.

Kelele za koridoni nazo uzizoee. Wanaosubiri watamhoji kila anayetoka: kauliza nini, yukoje leo? Utasikia wakitakiana heri kwa maneno ya ajabu: mmoja anamtakia mwenzake asipate "unyoya wala manyoya", naye anajibiwa aende kwa shetani. Ni desturi ya wawindaji wa zamani ya kudanganya mikosi, na jibu hilo ni la lazima. Wengine huweka sarafu ya 5 ndani ya kiatu chini ya kisigino, wengine hawaoshi nywele siku ya mtihani, wengine usiku wa kuamkia mtihani hufungua dirisha na kijitabu mkononi kuiita bahati ya bure iingie. Hao ni vijana wanaochambua ngeli kama wanamenya chungwa.

Na hapo kwenye ngeli ndipo mwalimu mzaliwa wa lugha anapaswa kujiandaa. Ufundishaji wa lugha kule una mizizi mirefu ya sarufi. Kiswahili kimefundishwa Saint Petersburg tangu mji ukiitwa Leningrad, miaka ya 1930, kwa juhudi za mtaalamu wa Afrika Dmitri Olderogge, na kamusi ya Kiswahili kwa Kirusi aliyoihariri ilitoka mwaka 1961. Kwa hiyo usije ukadhani unawapelekea kitu kipya. Watakuuliza kwa nini kifaru ni mkubwa na si kikubwa, nawe ukijibu "tunasema hivyo tu" umeshajishusha. Ukiwaambia viumbe hai hufuata upatanisho wao, wanaitikia kwa kichwa na mnaendelea, maana lugha yao pia inatofautisha chenye uhai na kisicho nacho. Tena hawana vile vijineno vya Waingereza, "a" na "the", vya kuonyesha nomino ni mahsusi au la, hivyo hawakusumbui na swali la "kitabu kipi hasa?"

Tatizo lao liko mdomoni. Kirusi kinapofika kwenye silabi isiyokaziwa, irabu inalegea: o inaelekea a, e inaelekea i. Mwanafunzi anakwambia alikwenda kununua samaki kwenye soka. Mtoto anakuwa mtota. Wape mazoezi ya kusoma kwa sauti tangu Septemba, mashairi yanafaa sana kwa sababu vina haviruhusu uzembe, na Warusi wanapenda kukariri. H yao inatoka kooni, wanasema "khabari". Hiyo mimi niliiacha. Bibi zetu wa pwani walisema hivyo hivyo.

Jambo jingine lililonichukua muda mrefu kuliko nilivyopanga ni saa. Saint Petersburg na Dar es Salaam tuna majira yale yale, tofauti ya saa haipo hata kidogo, na hilo ni raha ukitaka kupiga simu nyumbani. Lakini jaribu kumweleza mtu kwamba tunaanza kuhesabu saa tangu jua linapochomoza, mwezi wa Desemba, mahali ambapo jua linachomoza kwenye saa nne na kuzama kabla ya saa kumi. Kipindi cha kwanza ni saa tatu na nusu na dirishani ni usiku mtupu. Kijana mmoja akaniuliza kwa adabu kama Kiswahili kinaruhusu saa tatu na nusu usiku wa asubuhi. Lifundishe somo la saa mapema Septemba, kukiwa bado kuna mwanga wa kusaidia hoja yako.

Kuhusu kuitana: mwalimu anaitwa kwa jina lake na la baba yake, kamwe si jina peke yake. Wageni wengi huhangaika na hili, sisi hatuna haja. Kwetu jina la pili ni la baba tayari. Siku ya kwanza wataje yote mawili, wataridhika. Mimi niliwafundisha pia shikamoo, na wakaishika kwa bidii kuliko nilivyotarajia, hadi mama wa chumba cha makoti akawa anaamkiwa kila asubuhi na kundi zima. Na koti lenyewe, tafadhali, liache pale. Kuingia darasani na koti la nje ni utovu wa adabu, na ukilikabidhi bila kile kitanzi cha kulitundikia, kinachoshonwa ndani ya kola, utasemwa. Shona kitanzi kabla ya kusafiri.

Baridi inatosha kuelezwa hivi: nje inauma, ndani ni joto kali, kwa sababu mabomba ya kupasha majengo hufunguliwa vuli na huwezi kuyapunguza utakavyo. Vaa nguo nyepesi nyepesi zinazovulika, na viatu visivyoteleza kwenye barafu. Usipovaa kofia, kina bibi wasiokujua watakukemea barabarani. Hilo ni upendo. Watu watakutazama kwenye metro, na polisi wanaweza kukusimamisha kuomba karatasi, kwa hiyo tembea na pasipoti na ile hati ya usajili wa makazi, ambayo mwenyeji wako anapaswa kuishughulikia ndani ya siku 7 za kazi tangu uingie nchini. Usiache swali hilo kwa adabu. Uliza siku ya kwanza, uliza tena siku ya tatu. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022, hivyo panga fedha za wiki za mwanzo ukiwa bado nyumbani. Chakula hakinipi cha kusema sana. Semolina inasongeka, ukikosa sembe.

Turudi kwenye mwisho. Ukishatangaza alama, na si kabla, wataleta zawadi: chokoleti, maua. Yapokee, ni desturi, ila sheria yao inaweka mpaka wa rubli 3,000 kwa zawadi za kawaida kwa mwalimu, na mimi ningekaa mbali kabisa na mpaka huo. Ukialikwa nyumbani kwa mmojawapo wa walimu, nawe peleka maua, idadi isiyogawanyika kwa mbili. Idadi shufwa ni ya makaburini. Mkono mpe mwenyeji ukishavuka kizingiti, vua viatu, utapewa ndala.

Idara nayo itaandaa chai ya kukuaga, na hapo utagundua kuwa wale wenzako waliokuwa wakikujibu kwa neno moja moja koridoni wamefuatilia kila kipindi chako. Utatakiwa kusema machache ukiwa umesimama na glasi mkononi, hata kama ndani ni juisi. Andaa maneno hayo. Wao huyachukulia kwa uzito, na mzaha peke yake hautoshi.

Ukiweza, panga ndege yako baada ya tarehe 25 Januari, Siku ya Tatiana, sikukuu ya wanafunzi, inayokumbuka amri ya mwaka 1755 ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Moscow. Wanafunzi wako watakuwa wamemaliza mitihani na utawaona wakicheka kwa mara ya kwanza mchana kweupe.

Kabla ya kuondoka hakikisha umetia saini orodha ya matokeo ya kila kundi, maana mwanafunzi asiye na saini yako hana alama, na ukishafika Kilosa hawatakupata. Tiketi zako mwachie anayekufuata. Mimi zangu ziko kwa katibu wa idara, faili la kijani. Anayekuja Februari aipitie kwa makini tiketi namba saba, ile ya saa. Nimeibadilisha mara mbili na bado sijaridhika nayo.