Kupiga Rangi Plastiki za Ndani ya Gari Nyumbani: Kazi Iko Kwenye Kuosha

Rangi ilitoka kwa ukucha. Sikuikwaruza kwa nguvu. Nilikuwa nimeegesha karibu na soko nikimsubiri mke wangu, kidole kikapita pembeni mwa paneli inayozunguka gia, na kipande cheusi kikainuka kama ganda la kitunguu. Paneli hiyo ya gari langu, Toyota Fielder, nilikuwa nimeipiga rangi mwenyewe nyumbani, hapa Free Area, Nakuru, na wiki tatu zilikuwa bado hazijaisha. Nilivuta lile ganda, likaja lote hadi kwenye shimo la kuwekea kikombe. Chini yake plastiki iling'aa, safi kabisa, kana kwamba haijawahi kupakwa kitu.

Niliipeleka kwa mzee mmoja anayepiga magari rangi kule Industrial Area. Aliigeuza mara mbili, akaipitishia kidole gumba.

"Kijana wangu, hii uliiosha na nini?"

"Niliipangusa na kitambaa chenye maji, mzee."

"Na kule kwa kuosha gari, huwa wanaipaka nini?"

Nikamwambia: yale mafuta ya kung'arisha dashbodi, kila Jumamosi, kwa miaka minne.

"Basi ulipaka rangi juu ya mafuta," akasema. Kisha akanionyesha upande wa nyuma, penye herufi mbili ndogo zilizochongwa kati ya vimishale: PP. "Na hata kama ungeiosha, hii isingeshika hivi hivi."

Makosa mawili kwa paneli moja. Tangu siku hiyo nimepiga rangi paneli za swichi za madirisha, fremu ya redio, vishikio vya milango na hiyo hiyo ya gia kwa mara ya pili, na nimewasaidia majirani wawili na magari yao. Wengi hunijia na swali la rangi gani wanunue. Mimi huwauliza kwanza watakavyoosha, kwa sababu nimeona rangi ya bei ya chini ikidumu kwenye plastiki safi, na ya bei ya juu ikibanduka kwenye plastiki chafu.

Mengi ya mafuta ya dashbodi yana silikoni. Silikoni haikauki ikaisha kama maji, na ukiipangusa kwa kitambaa kikavu unaisambaza tu. Rangi mbichi ikifika palipo na silikoni hujivuta kando, ikaacha shimo la duara lenye ukingo, kama jicho la samaki. Nimeliona likifunguka mbele yangu: nukta ndogo kama ncha ya sindano, halafu linapanuka taratibu hadi kufikia ukubwa wa punje ya dengu, na katikati plastiki inaonekana. Ukipuliza rangi juu yake, linafunguka tena. Hapo hakuna la kufanya ila kuacha ikauke, kuisugua yote na kuanza upya.

Sasa mimi naosha hivi. Naloweka kipande kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni ya maji ya vyombo, ile inayokata mafuta ya sufuria. Nakisugua chote kwa ile pedi ya kijivu inayouzwa kwenye maduka ya rangi za magari. Pedi ya kijani ya jikoni ni kali mno, huacha mikwaruzo inayoonekana hata baada ya rangi. Kwenye pembe na mifereji natumia mswaki wa zamani, kwa sababu huko ndiko mafuta hujificha na ndiko rangi huanza kubanduka. Nasuuza kwa maji mengi, namwaga ya kwanza, narudia kwa maji na sabuni mpya. Mara mbili ni lazima, na gari lililokuwa likipakwa mafuta kila wiki nalifanyia mara tatu.

Halafu kuna jaribio ambalo nisingependa mtu aliruke. Mimina maji safi juu ya kipande na ukiinamishe kidogo. Maji yakitandaa kama utando mmoja, umemaliza. Yakijikusanya matone na kuteleza kama umande kwenye jani la nduma, mafuta bado yapo, rudi kwenye beseni. Jaribio hili haligharimu hata shilingi, na lingeniokolea wiki tatu zangu.

Kipande kikikauka, kipanguse kwa alkoholi ya isopropili, na tangu hapo usikishike kwa mikono mitupu. Jihadhari na spiriti ya duka la dawa ya kusafishia ngozi: baadhi ya aina zake hutiwa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo yanabaki kwenye plastiki. Soma chupa. Thina na petroli usiviguse kabisa kwa kazi hii. Baadhi ya plastiki za ndani ya gari ni za aina ya ABS, na thina huilainisha ikawa na utelezi, kisha ikikauka unakuta sura yake imebadilika.

Nikirudi kwenye zile herufi. Kila kipande, karibu bila kukosa, kina alama yake nyuma. Ukiona ABS, una bahati, hiyo hushika praima (rangi ya msingi inayotangulia) vizuri ikikwaruzwa kidogo. Ukiona PP, hiyo ni polipropilini, jamii moja na mabeseni mengi ya kufulia. Kama umewahi kumwagia beseni rangi ya ukuta, unajua: inakauka, halafu siku moja inabanduka yenyewe kipande kizima. PP inahitaji dawa yake maalumu ya kushikisha rangi, isiyo na rangi yoyote, inayopulizwa nyembamba sana kabla ya kitu kingine chochote. Wauzaji wengi wa rangi za magari wanaijua kwa jina la praima ya plastiki, lakini geuza kopo usome kama PP imetajwa, maana baadhi ni za ABS tu. Na fuata muda ulioandikwa: dawa hiyo hufanya kazi ikifuatwa na rangi mapema, ukienda kunywa chai na kurudi saa mbili baadaye utakuwa umeipoteza.

Kuhusu msasa, inategemea uso wa plastiki. Paneli laini zilizokuwa na rangi ya fedha kutoka kiwandani, ambazo sasa zimeanza kumenyeka, anza na namba 320 ukingoni mwa sehemu iliyomenyeka hadi kidole kisihisi ngazi, kisha 400, kisha 600 na maji. Usipoondoa ile ngazi itaonekana chini ya rangi mpya siku zote. Plastiki zenye vinyweleo kama ngozi usizipige msasa hata kidogo, utafuta vile vinyweleo na havirudi. Hizo ni za pedi ya kijivu peke yake. Na zile zilizokuwa na uso laini kama mpira, ambazo zikizeeka hunatanata mpaka vidole vinaacha alama, toa utando huo wote kwa alkoholi na kitambaa. Ni kazi ya mchana mzima, lakini ukipaka rangi juu ya kinachonatanata, rangi nayo itanatanata.

Kuvua vipande si kugumu ukifanya jua likiwa limewaka. Klipu za plastiki zikiwa na baridi ya asubuhi ya Nakuru hukatika. Mimi nilichonga mwiko mdogo wa mbao ukawa bapa, ndio ninaoingiza kwenye ufa, maana bisibisi huacha kovu. Skrubu naziweka kwenye trei ya mayai kwa mpangilio niliozitoa, na kila hatua napiga picha kwa simu.

Jambo moja la usalama, na hapa naomba unisikilize kama ndugu. Mifuko ya hewa ya usalama iko kwenye usukani, mbele ya abiria, na magari mengine hata kwenye viti na nguzo za pembeni. Kabla ya kugusa chochote karibu nayo toa waya hasi wa betri. Maelekezo ya Toyota husema usubiri sekunde 90 au zaidi. Mimi husubiri dakika kumi. Nyaya zenye soketi za njano ni zake, ziache. Na usipige rangi kifuniko cha mfuko wa hewa, wala mahali palipoandikwa SRS. Kifuniko hicho kimetengenezwa kipasuke kwa namna fulani na ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Sitaki mtoto wangu awe amekaa mbele ya kifuniko nilichokikandika rangi.

Sasa hali ya hewa, ambayo vitabu vya maelekezo vya ughaibuni havitakuambia. Nakuru iko juu, kama mita 1,850, na ina vumbi jepesi la udongo wa volkano linaloinuka kwa upepo mdogo tu. Nilijifunza kumwagia ua maji nusu saa kabla, na kupiga rangi kati ya saa nne na saa sita za mchana, baridi ikiwa imetoka na upepo wa alasiri haujaanza. Vipande naviweka ndani ya katoni kubwa iliyolazwa ubavu, mdomo ukitazama mbali na upepo. Kopo likiwa baridi rangi hutoka kwa matone, basi naliweka dakika kumi kwenye maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia. Maji ya moto kamwe, kopo linaweza kupasuka.

Binamu yangu wa Kisumu alifuata maagizo yangu yote, na bado klia yake, ile rangi angavu ya mwisho inayolinda rangi, ikawa nyeupe kama iliyopakwa maziwa. Alikuwa ameipuliza jioni baada ya mvua. Unyevu wa hewa hunaswa ndani ya klia inapokauka, na Kisumu, kando ya ziwa, unyevu huo haukosi. Jioni pia kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa na kunasa kwenye kila kitu kibichi. Alirudia siku kavu, saa tano asubuhi, ikatoka safi. Wa Kakamega, ambako mvua ya alasiri ni kawaida, nawashauri vivyo hivyo: malizeni kabla ya adhuhuri.

Kupuliza kwenyewe ni kifupi. Tikisa kopo dakika mbili nzima baada ya kusikia gololi. Shika umbali wa sentimita 25 hivi. Anza kupuliza nje ya kipande, pita, achia nje ya kipande upande wa pili. Ukianzia juu ya kipande chenyewe utaweka doa. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, uwe mwepesi kiasi kwamba plastiki bado inaonekana, na huo ndio unaowashinda watu, kwa sababu macho yanataka kuona imefunika. Subiri dakika kumi, pita tena. Mikono mitatu au minne myepesi. Usichanganye kampuni au aina za rangi ovyo: rangi ya mafuta na ile ya thina zikikutana hukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Angalia pia muda wa kurudia ulioandikwa kwenye kopo. Kuna zinazotaka urudie ndani ya saa moja au usubiri siku nzima, na katikati ya hapo ni kukunjamana kule kule.

Fanya nje, mbali na jiko, maana gesi ya kopo hushika moto. Vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali. Ya kitambaa haizuii mvuke. Klia ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) iache kwa fundi mwenye vifaa. Ina isosayaneti, kemikali ambazo huharibu mapafu, na mtu aliyeshaathirika anaweza kupata pumu kwa kuvuta kidogo tu baadaye. Klia ya kopo la kawaida inatosha kwa vitu vya ndani.

Chagua isiyong'aa, hasa kwa chochote kilicho juu ya dashbodi. Jirani yangu alitaka inayong'aa, akaipata, na alipokuwa akielekea Salgaa jioni, jua likiwa mbele yake, kioo chote kilijaa mwanga uliorudishwa na ile plastiki. Tuliisugua upya wikendi iliyofuata.

Halafu subiri. Rangi hukauka kwa kugusa ndani ya nusu saa lakini ndani bado ni laini. Mimi huacha wiki nzima, chumbani, mbali na watoto, na kabla ya kurudisha nanusa kipande kwa karibu. Kikinuka rangi, bado.

Paneli ya gia sasa ina mwaka na nusu. Pale pete yangu inapogusa nikibadilisha gia pamekwaruzwa mstari mwembamba, urefu wa kiberiti, lakini ukingo wake haujainuka. Mwezi uliopita nilijaribu kuuinua kwa ukucha, mara tatu, na haukutoka. Kilichobaki ni plastiki za chini ya milango, zote nne zimeandikwa PP, na nimeshanunua kopo la praima. Ninangoja mvua ziishe.