Msumbiji "wameruhusu"? Nimekaa Pemba na Joburg, sasa nipo Mtwara, ngoja niseme nilichokiona

Mkuu umeuliza kama ni kweli jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma wameruhusu ushoga mpaka ndoa, nchi gani nyingine Afrika zimeruhusu, na wananchi wenyewe wanalichukuliaje. Nimeona wengine wamekujibu kwa matusi na wengine kwa aya, mi nakujibu kwa nilivyoishi. Ni fundi friji na AC, nimekaa Pemba (ile ya Msumbiji, sio ya karafuu) kuanzia 2012, afu Joburg miaka miwili, sasa hivi nipo zangu Mtwara nasubiri korosho ziuzwe watu wapate hela waniletee mafriji yao yaliyokufa. Dini yangu naijua na sijaja kumfundisha mtu yake.

Kwanza ndoa hapana. Msumbiji hakuna ndoa ya jinsia moja, aliyekwambia amekudanganya au kadanganywa. Walichofanya ni kuandika upya sheria yao ya makosa ya jinai, ile ya zamani waliachiwa na Mreno tangu 1886, na ndani yake kulikuwa na kipengele cha watu wenye mazoea ya "maovu kinyume na maumbile", hakimu angeweza kukupeleka hata kazi ngumu. Sheria mpya ikaanza kazi katikati ya 2015 na hicho kipengele hakimo. Basi. Hawakuandika "ruksa", waliacha tu kukiandika. Mimi nilikuwa Pemba mwaka huo na sikusikia lolote, hamna aliyeandamana wala aliyesherehekea, watu tulikuwa tunahangaika na umeme unaokatika tu, nimekuja kujua miezi baadae kwenye stori za kazini. Na kabla ya hapo sheria yao ya kazi ya 2007 ilishakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Ila usidhani ndo kumekucha, kuna chama cha mashoga wa kule kinaitwa LAMBDA waliomba usajili 2008, miaka ikaenda na kwenda hawajapewa, hawajakataliwa rasmi wala hawajakubaliwa. Serikali ya kule inajua kunyamaza.

Sasa kitu ambacho wengi humu hamkijui. Tanzania inapakana na nchi nane. Katika hizo nane, Msumbiji, Kongo na Rwanda hazina sheria inayomfunga mtu mzima kwa kulala na mtu mzima mwenzie wa jinsia moja kwa hiari yao. Ndio, hata Rwanda na hata Kongo, ingawa katiba zao zinasema ndoa ni ya mwanaume na mwanamke. Zilizobaki tano, Kenya, Uganda, Burundi, Malawi na Zambia, ni kosa la jinai. Ukiangalia utaona zinazofunga karibu zote ni zile alizotawala Mwingereza, yeye ndo alikuwa anatembea na kile kifungu cha "kinyume na maumbile", alianzia India 1860 akawa anakisambaza kila alikotia mguu. Burundi tu ndo wamejiwekea wenyewe, 2009. Na makoloni ya Mreno Afrika yote matano yameshaondoa, Angola ikiwa ya mwisho 2021.

Kinachonichekesha kwenye mabishano ya humu ni mtu kusema ushoga umeletwa na mzungu afu anatetea kifungu kilicholetwa na mzungu, tena mzungu mwenyewe kwao England alishakiondoa 1967 na ndoa akaruhusu 2014, na India alikoanzia Mahakama yao ya Juu ilikifuta 2018. Unaweza kukipenda hicho kifungu, ni haki yako, ila usiseme ni cha babu yako wa Newala.

Kwetu Bara ni kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu. Bunge lilikiongeza makali 1998, sasa kinaanzia miaka 30 mpaka maisha. Afu soma vizuri, hakisemi shoga popote, kinasema kuingiliana kinyume na maumbile, kwa hiyo mume na mkewe wa ndoa nao wamo. Hapo wanaume wengi wa humu wanaopiga kelele wangekaa kimya kidogo. Zanzibar wana sheria yao na tangu 2004 wamewataja mpaka wanawake.

Wengine kwa haraka haraka: Uganda ndo wamekaza kuliko wote hapa jirani, sheria ya 2023 ina mpaka kunyongwa kwa makosa waliyoyaita ya kukithiri, na Mahakama ya Katiba 2024 ikaiacha sehemu kubwa ilivyo. Kenya Mahakama Kuu 2019 iligoma kufuta vifungu vya Mwingereza, afu 2023 Mahakama ya Juu ikasema chama chao lazima kisajiliwe, yaani kitendo ni jela ila chama ruksa, Wakenya bana. Botswana mahakama ilifuta 2019, serikali ikakata rufaa ikashindwa 2021. Mauritius wamefuta 2023, Namibia 2024.

Swali lako la wananchi ndo gumu. Afrobarometer waliwahi kuuliza nchi 33 za Afrika, kati ya 2014 na 2015, kama mtu angekubali au asingejali kuwa na jirani wa namna hiyo. Kwa wastani ni 21 tu katika 100 walikubali. Nchi zilizovuka nusu zilikuwa nne, Cape Verde, Afrika Kusini, Msumbiji na Namibia, na Msumbiji walipata asilimia 56. Nilivyoiona nikashangaa kidogo maana Pemba niliyoishi mimi haina tofauti kubwa na Mtwara, Wamakonde ni wale wale, Wamakua ni wale wale, Ijumaa misikiti inajaa, unyago unachezwa. Ila swali ni la jirani, halikuwa la ndoa, na kumvumilia jirani sio kumpokelea mahari.

Kazini Pemba tulikuwa na jamaa wa jikoni, hoteli moja ya ufukweni, kila mtu alikuwa anajua. Watu wanamtania, na yeye anajibu mapigo kwa Kimwani, lugha ya pwani ya kule, mpaka mnacheka wenyewe, kukiwa na harusi mtaani ndo anaitwa kupamba. Hapa Mtwara pia si tunao? Kila mtaa una wake, kila mtu anajua, hamna anayesema, na harusi zenu ndo wanapamba hao hao. Kwa hiyo kwenye mioyo ya watu mimi sikuona mto wowote umepita katikati.

Joburg ndo kulinivuruga kichwa. Kwenye karatasi hakuna kama wao, katiba ya 1996 inakataza kumbagua mtu kwa mwelekeo wake wa kimapenzi, ndoa wameruhusu tangu Novemba 2006, wa kwanza Afrika nzima. Niliwahi kufunga AC kwa kina mama wawili mashariki ya mji, wana cheti cha ndoa kimewekwa kwenye fremu sebuleni kabisa. Sasa jioni nikamsikia mmoja anamwambia mwenzie usipande taksi peke yako, nakuja kukuchukua. Nikauliza kwa ujinga wangu kwani kuna nini. Wakanihadithia habari ya Eudy Simelane, aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya mpira ya wanawake, aliuawa 2008 KwaThema, kabakwa kachomwa visu, na alikuwa haufichi usagaji wake. Cheti kipo ukutani na taksi hawapandi. Nikarudi geto nikawa nafikiri hizi sheria zina kazi gani basi.

Jibu nimelipata hapa hapa nyumbani.

Yule jamaa wa jikoni kule Pemba, nadhani 2016, alitegewa. Kijana kamzoea kwenye simu, wakakutana, kumbe wako watatu, wakampiga picha wakachukua simu na hela, wakaanza kumdai ili wasizisambaze. Alilia siku moja, siku ya pili akaenda polisi na shemeji yake. Walimcheka kule, alitueleza mwenyewe walivyomcheka, ila waliandika, na mmoja wa wale vijana akakamatwa na simu ikarudi.

Mwaka juzi hapa Mtwara kinyozi wangu yakamkuta yale yale kwa mtindo ule ule, utafikiri wale vijana wamesoma darasa moja. Wakaanza na laki tatu. Akalipa. Wiki mbili nyingine laki tano. Akakopa kwenye kikoba, akauza bodaboda aliyokuwa amempa mdogo wake, na mimi najua kwa sababu alikuja kunikopa nikamkaba sana anieleze hela ya nini. Nikamwambia bro si uende kituoni, hawa ni wezi tu. Akaniangalia akasema nikafike niseme nini, fundi, nikishaeleza wamenikuta wapi na nani mimi si ndo nageuka mshtakiwa? Nilikosa cha kumjibu, na mi mdomo ninao. Wale vijana hawakuwa askari wala hawakutumwa na mtu, ni wahuni wa mtaani, ila miaka thelathini ya kifungu ndo silaha waliyoshika, na hawakuhitaji kufika mahakamani hata siku moja.

Kwa hiyo mkuu ukiniuliza tofauti ya kule na huku sitakwambia ya ndoa wala ya bendera. Waliocheka Pemba wangecheka na Mtwara. Mmoja alikuwa na mahali pa kwenda kusema nimeibiwa, mwingine hakuwa napo.

Kinyozi alifunga ofisi siku moja asubuhi bila kuaga. Baada ya miezi ikaingia simu ya namba za 258, za Msumbiji, kumbe alivukia Kilambo, yuko mji mmoja kule siutaji, anang'ang'ana na Kireno. Aliniuliza kama kiti chake cha kunyolea bado ninacho maana alikiacha kwangu. Nikamwambia kipo nyuma ya mafriji. Akasema kiuze, ukatoe lile deni lako, kinachobaki mpe mdogo wangu.