Maswali ya Wasomaji: Mikindani, Milango ya Nakshi na Mifupa ya Tendaguru

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa mjini. Kila mwaka tunapanga safari ya Kilwa Kisiwani na kila mwaka gharama inatushinda. Je, karibu na Mtwara pana mahali panapostahili siku nzima ya wanafunzi, ilhali hatuna makumbusho makubwa?
*Mwalimu, Ligula, Mtwara*

Mwalimu, mahali hapo papo, na mtafika kwa daladala. Wapeleke Mikindani, mwendo wa kilomita kumi hivi kwa barabara ya Lindi, lakini kabla hamjaondoka waeleze wanafunzi kwamba mji wanaoishi ni mchanga kuliko wanavyodhani. Bandari ya Mtwara na reli iliyokwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha baada ya Vita Kuu ya Pili na kuuacha mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960, na Kata ya Reli imebaki na jina. Mikindani ilikuwa mji wa biashara tangu zamani sana, ikipokea misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na jahazi zake zilipandisha tanga zikifuata majira ya pepo za kusi na kaskazi.

Anzeni asubuhi katika mitaa ya zamani iliyo karibu na ghuba, jua likiwa bado chini. Wanafunzi wasimame mbele ya gofu moja na kulitazama kwa utulivu, kwa sababu nyumba iliyobomoka upande mmoja huonyesha ilivyojengwa kuliko nyumba nzima. Wataona mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na pale dari ilipoanguka wataona ncha za boriti za mikoko zikiwa bado zimekaa ukutani. Waulize kwa nini vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, na wajipimie wenyewe: upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti inayobeba dari. Swali hilo moja litawafundisha uhusiano wa msitu wa mikoko na mji wa mawe kuliko kurasa nyingi za kitabu.

Mtaonyeshwa pia nyumba yenye mlango wa nakshi ambayo inasemekana kuwa alikaa David Livingstone mwezi Machi 1866, alipoanza safari yake ya mwisho kuelekea bara. Waonyeshe kibao, lakini tafadhali usiishie hapo. Katika msafara ule alikuwamo Chuma, kijana wa Kiyao aliyekuwa ameokolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, pamoja na Susi; na Livingstone alipofariki mwaka 1873, hao ndio walioongoza wenzao kuuchukua mwili wake kwa miguu hadi pwani, Bagamoyo. Darasani kwako bila shaka wamo Wayao kadhaa. Naona ni dhuluma mtoto wa Mtwara atoke Mikindani akilijua jina la mgeni tu.

Mchana pandeni kilimani hadi Boma, ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895 na ambalo baadaye lilitumiwa na Waingereza. Lilichakaa vibaya kabla ya kukarabatiwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, na sasa ni hoteli, kwa hiyo ombeni ruhusa mapema. Mkisimama juu mtaiona ghuba yote na mdomo wake mwembamba, na mtaelewa bila kuelezwa kwa nini wenye jahazi waliipenda na kwa nini wenye bunduki walijenga hapo.

Jambo moja la lazima: tafuta mzee wa mji wa kutembea nanyi, na umlipe. Wanafunzi wakimwamkia vizuri na kumsikiliza, atawafungulia nyua ambazo mgeni hapiti.

Mkirudi na muda ukiwaruhusu, piteni kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo. Kuta zake zimejaa picha za Biblia za rangi kali alizozichora padri Mjerumani, Polycarp Uehlein, na wakazi wengi wa Mtwara hawajawahi kuingia kuzitazama.

Marehemu babu ametuachia nyumba ya zamani Mikindani. Paa limeanguka, lakini mlango wa nakshi ni mzima. Mfanyabiashara mmoja anataka kuununua aupeleke mbali. Ndugu zangu wamekubali. Mimi moyo unasita. Nifanye nini?
*Msomaji wa Chuno, Mtwara*

Uko sahihi kusita. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataja waziwazi milango ya mbao na fremu zake zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa, na kuutoa mlango wa namna hiyo nchini bila kibali ni kosa. Hata kama mnunuzi anasema ataubakiza nchini, msimkabidhi chochote kabla ya kumwona afisa utamaduni wa manispaa, ambaye atawaelekeza Idara ya Malikale.

Wakati mnasubiri, linda mlango mahali ulipo. Paa likishaanguka, mvua huingilia juu, hivyo ezekeni kipande kidogo cha makuti au bati juu ya kizingiti na miimo, na muondoe udongo uliorundikana chini, kwa kuwa mchwa huanzia hapo. Msiupake rangi ya mafuta, maana itafukia nakshi. Waambie ndugu zako kwamba fedha ya mlango itagawanywa na kwisha katika msimu mmoja, na nyumba itabaki tundu.

Ni kweli mifupa ya mnyama mkubwa kuliko wote ilitoka kwetu Lindi? Je, tunaweza kwenda kuiona?
*Msomaji wa Mitwero, Lindi*

Ni kweli ilitoka kwenu. Kilima cha Tendaguru kiko kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, na kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin ilichimba hapo mifupa ya dinosaria walioishi miaka takriban milioni 150 iliyopita. Mmoja wao, ambaye wanasayansi humwita *Giraffatitan*, amesimamishwa Berlin tangu mwaka 1937, na urefu wake kwenda juu unazidi mita 13. Sina hakika ya kumwita mkubwa kuliko wote, kwa maana wamepatikana wengine huko Amerika ya Kusini, lakini ni miongoni mwa mifupa mirefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani.

Kinachonigusa zaidi ni kazi ya watu. Vita vya Maji Maji na njaa yake vilikuwa vimetoka tu kuiangamiza kusini, na mamia ya wenyeji ndio waliochimba, wakaifunga mifupa na kuibeba kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi la kumkumbuka, *Australodocus bohetii*. Ukitaka kuiona mifupa yenyewe itakubidi ufike Berlin. Kilimani pana pori na mashimo ya zamani, na ukienda, nenda na mwenyeji wakati wa kiangazi.

Nina wageni kutoka Arusha wanaotaka kuona ngoma ya mapiko. Niwapeleke lini, na wanaweza kupiga picha?
*Msomaji wa Newala*

Baada ya mavuno, vijana wanapotoka jandoni na unyagoni, ndipo mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, huchezwa kwa sababu yake halisi. Kamuone kwanza mwenye shughuli, upeleke mchango wako kama mualikwa mwingine yeyote, na uulize kuhusu picha kabla ya siku yenyewe. Uwanjani mara nyingi huruhusiwa. Mahali anapovalia mchezaji wageni wako wasipasogelee, na wasimuulize mtu yeyote ni nani aliye ndani ya kinyago.